Mkokoteni wa Madafu Ulinipita

Ilikuwa Februari, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, pale barabara ya Mama Ngina, Mombasa, karibu na ile mibuyu mikubwa. Mimi nilikuwa nakimbia, au ndivyo nilivyojiambia. Nyuma yangu nikasikia magurudumu yakilia kwi, kwi, kwi. Kugeuka, naona kijana anasukuma mkokoteni wa madafu, miguuni ndara, simu kaibana kwa bega anaongea na mtu. Akanitupia "Shikamoo mama" ya haraka, akanipita, akaendelea na mazungumzo yake. Wala hakuwa na haraka. Wakati huo saa mkononi mwangu ilikuwa inalia kwamba mapigo ya moyo yamevuka kiwango, nipunguze mwendo. Nipunguze niende wapi? Ningepunguza zaidi ningesimama.

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza anunue saa gani ya kupima mapigo. Jibu langu refu ndilo hili. Lina gharama ndani yake, lina aibu, na lina makosa ambayo mengi niliyafanya nikiwa na kalkuleta mkononi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hesabu ndiyo kazi inayonilisha.

Agosti 2022 nilikwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi nikatoka na habari ya presha. Muuguzi alipima mara mbili, 148 kwa 94, akaniuliza kama nimepanda ngazi mbio. Daktari hakuniandikia dawa. Alinipa miezi mitatu: nipunguze chumvi, nitembee kila siku, nirudi. Ninatunza vitabu vya hesabu katika ofisi ya wakala wa forodha, nakaa kitako kutwa nzima, na mwaka uliofuata nilikuwa natimiza miaka 44. Kutembea niliona ni kazi ya wazee. Nikaenda soko la Kongowea, nikachagua raba za mtumba za shilingi 2,500, nikaanza kukimbia kutoka nyumbani Ganjoni hadi Mama Ngina na kurudi.

Kila mbio kwangu ilikuwa mashindano. Niliandika kwenye daftari muda wa kilomita tano, na kesho yake ilikuwa lazima niuvunje. Wiki za mwanzo uliporomoka vizuri, nikafika dakika 34, nikajiona nimekuwa mtu. Kisha ukagoma. Nikaongeza nguvu, ukazidi kugoma. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, mchana kazini nasinzia juu ya ankara, na hamu ya vitu vitamu ikanishika hata mandazi ya chai yakawa hayanitoshi. Novemba ugoko wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma, kwanza nikimaliza kukimbia, halafu nikianza, halafu hata nikishuka ngazi za nyumbani. Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo mara nne, shilingi 2,500 kila mara. Siku ya pili akaniuliza, "Siku zako za kukimbia taratibu ni zipi?" Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Yeye ndiye aliyeniambia nitafute kitu cha kunipimia mapigo, maana watu wa aina yangu, alisema, wakiambiwa wapunguze mwendo hawasikii mpaka waonyeshwe namba.

Januari nikanunua saa, shilingi 6,500, kutoka duka la simu mjini. Muuzaji akaigeuza akanionyesha taa za kijani chini yake: mwanga unaingia kwenye ngozi, damu ikipita mwanga unaorudi unabadilika, na saa inahesabu mabadiliko hayo. Kesho yake nikaivaa. Mapigo 171. Nikapunguza mwendo: 170. Nikapunguza hadi nikawa nakimbia kama mtu anayekwepa madimbwi: 169. Nikasimama kunywa maji, ikashuka mpaka mia na kitu. Kuanza tena, 170.

Usiku huo sikulala. Niliwaza moyo wangu mbovu, niliwaza wanangu, niliwaza hata nani atafunga hesabu za mwezi ofisini. Ndipo nikakumbuka piko. Wiki hiyo tulikuwa tumemwoza mpwa wangu, nami nilikuwa nimepakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, tangu vidoleni hadi karibu na kiwiko. Watengenezaji wa saa hizi wenyewe huonya kwamba wino wa tatuu unaweza kuziba ule mwanga. Nikasema alhamdulillahi, mchawi ni piko. Nikaacha kuiamini saa kwa wiki mbili, mpaka michoro ilipochuja na mkono ukawa mweupe. Nikakimbia tena. 170.

Kilichonifumbua macho ni kuhesabu. Asubuhi moja, kwa hasira tu, nilihesabu hatua za mguu wa kulia kwa dakika nzima nikapata 85. Zidisha mara mbili. Ile saa ilikuwa haihesabu moyo, inahesabu miguu! Kila nyayo ikigonga chini mkono hutikisika na damu ya kwenye kifundo hutikisika nayo. Saa ikishindwa kutofautisha, inashika mdundo ulio na nguvu zaidi. Na kwa kuwa nikipunguza mwendo nilikuwa nafupisha hatua bila kupunguza idadi yake, namba ilibaki palepale. Hata saa za bei mbaya hufanya hivi, ingawa si mara nyingi kama ile yangu.

Kwa hiyo ukiwa na saa ya mkononi, ipandishe juu kidogo ya mfupa wa kifundo, upana wa vidole viwili hivi, na uikaze isicheze. Kisha usiiamini mpaka uipime. Simama ghafla katikati ya mbio, weka vidole viwili shingoni chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Anza kuhesabu papo hapo, kwa sababu moyo hushuka upesi ukisimama. Mimi vidole vilinipa 152 wakati saa inasema 170. Na asiye na pesa ya saa ajue kwamba vidole hivyo havina bei.

Nikatafuta mkanda wa kifuani, shilingi 8,500, ukaja na mtu aliyekuwa anatoka Nairobi. Huu hauna taa. Unashika umeme wa moyo wenyewe kupitia ngozi, kwa njia ileile ya kile kipimo cha moyo cha hospitalini, halafu unaipelekea saa namba bila waya. Unavaliwa chini kidogo ya matiti, na kwa sisi tunaokimbia tumejistiri hauonekani kabisa. Lazima ulowanishe sehemu za kugusia ngozi kabla ya kuuvaa, la sivyo dakika kumi za mwanzo hutoa namba za kichaa mpaka jasho likutoke. Baada ya kila mbio usuuze kwa maji baridi, maana chumvi ya jasho hula vifungo. Wa kwanza wa namna hii uliuzwa na kampuni ya Polar ya Ufini mwaka 1982. Huwa nacheka peke yangu nikiwaza kwamba watu wa theluji ndio walioniletea kitu cha kunipimia moyo kwenye joto la Mombasa.

Jumla, kwa wanaopenda kufunga vitabu: raba 2,500, mtaalamu wa viungo 10,000, saa 6,500, mkanda 8,500. Shilingi 27,500, na bado nilikuwa sijajua kukimbia.

Nikaingia kosa la tatu, ambalo ndilo kubwa. Kila mahali utaambiwa: 220 toa umri wako, hapo umepata kilele cha mapigo yako. Nikatoa 44, nikapata 176. Mbio za kujenga pumzi, wakasema, zikae kati ya asilimia 60 na 70 ya kilele. Nikapata 106 hadi 123. Nikaangalia hesabu nyingine, ile ya mwaka 2001 ya mtafiti Tanaka na wenzake, 208 toa umri mara 0.7, nikapata 177. Hesabu mbili, jibu karibu moja. Kama mhasibu ningepaswa kujua kuwa vitabu viwili vinaweza kukubaliana na vyote viwili vikawa na kosa, lakini sikuwaza hivyo. Nikaiwekea saa kengele kwenye 123.

Hapo ndipo mkokoteni uliponipita. Wiki sita nilitembea, nikichapua hatua tu kengele inalia. Kina mama niliokuwa nimewashawishi mwenyewe waanze kukimbia walikuwa wananipita wakiniuliza kama mguu bado unauma. Nilisema ndiyo. Niliwadanganya kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Pale Mama Ngina huja mzee mmoja kila asubuhi kunyoosha viungo. Ni mstaafu wa bandarini, ujanani alikimbilia timu ya kazini, na watu wote humwita Kocha. Asubuhi moja aliniita.

"Mwanangu, mbona wakimbia kama uliyeambiwa usiamshe mtoto?"

Nikamwamkia, nikamweleza habari ya 123. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na ni nani aliyekwambia moyo wako mwisho wake ni 176?"

"Hesabu, Kocha."

"Hesabu ya nani? Walikupima wewe?"

Sikuwa na jibu. Zile hesabu ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 au 12, wengine zaidi, na hilo halisemi chochote kuhusu uzima wake. Ni kama kumshonea mtu kanzu kwa kujua umri wake tu.

Nikataka twende siku hiyohiyo nikatafute kilele changu. Akakataa katakata. "Huu ni mwezi wa tatu. Kaskazi yatuchoma hata tukiwa tumekaa. Hukuwa hapa wewe 2007?" Nilikuwapo mjini, ila si uwanjani. Yeye alikuwapo. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika papa hapa, kwenye uwanja wa gofu ulio jirani na Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyetwaa mbio fupi na ndefu miaka mitano mfululizo, alikuja akiwa hashindiki. Joto na unyevu vilimkausha, na mzunguko wa mwisho akatoka nje. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kocha husimulia kisa hiki kana kwamba ni yeye aliyewasha jua. "Bekele, mwanangu! Mapafu ya milimani, miguu ya chuma. Moyo ulipotakiwa kupeleka damu miguuni na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, ukasema basi." Akaniambia nisubiri kusi, majira ya upepo wa baridi, na kabla ya hapo nirudi kwa daktari.

Nilirudi. Presha ilikuwa 128 kwa 82, na nikaomba kipimo cha umeme wa moyo kwa kuwa nilikuwa naenda kujisukuma hadi mwisho. Tafadhali usiiruke hatua hii, hasa ukiwa umepita miaka 40 au kwenu kuna historia ya moyo.

Juni, masika imeshapungua, upepo wa kusi unavuma na asubuhi ni baridi ya kutaka shuka, tukaenda uwanja mmoja wa shule. Dakika 20 za kupasha mwili. Kisha dakika tatu za nguvu, pumzika dakika mbili. Tena dakika tatu. Na mara ya tatu, dakika ya mwisho, Kocha akapiga filimbi na mimi nikakimbia kama ninayefukuzwa na mbwa. Nilikwenda kutapika ukutani. Saa ilikuwa imesoma 189. Mapigo 13 juu ya hesabu niliyoitii wiki sita!

Halafu Kocha akanipa kazi nyepesi: nipime mapigo kila asubuhi nikiwa bado kitandani, kabla ya kuinuka wala kushika simu, siku saba. Wastani ukawa 68. Ndipo nikaitumia hesabu ya Karvonen, daktari wa Kifini wa miaka ya 1950, ambayo inaangalia nafasi iliyopo kati ya moyo uliotulia na moyo uliofika kilele. Kwangu mimi 189 toa 68 ni 121. Asilimia 60 ya 121, jumlisha 68, ni 141. Asilimia 70, jumlisha 68, ni 153. Basi zoni yangu ya kujenga pumzi ilikuwa 141 hadi 153, nami nilikuwa nimejifungia chini ya 123 nikitembea kama bibi harusi.

Msielewe kwamba 153 ni kasi. Siku ya kwanza nilikwenda kilomita moja kwa dakika 9 na sekunde 10, na mara tatu ilibidi nitembee. Ila ilikuwa kukimbia, na nilirudi nyumbani nikiwa na nguvu za kupika mahamri. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Kocha hana saa. Kipimo chake ni mazungumzo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umepita. Mimi hukimbia peke yangu baada ya sala ya alfajiri, kwa hiyo nikapata kipimo changu, uradi wa asubuhi. Nikiweza kuuleta kwa sauti ya kusikika bila kumeza maneno, niko sawa. Nikianza kuvuta pumzi katikati ya neno, nikitazama saa nakuta 155, 157. Baada ya mwezi mmoja uradi na mkanda vilikuwa vinakubaliana kiasi kwamba siku betri ya mkanda ilipokufa sikupungukiwa na kitu.

Kwa nini taratibu? Kocha alinieleza kwa lugha ya pampu. Ukiipa kazi ya wastani kwa muda mrefu, pampu inajifunza kutoa maji mengi kwa mvuto mmoja, na mabomba madogo yanaongezeka huko chini mashambani. Nilipokwenda kusoma nikakuta hakukosea sana: moyo hutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vimishipa vidogo huongezeka kwenye misuli, na ndani ya misuli mitambo inayotumia oksijeni na mafuta huzidi kwa wingi. Haya yote yanataka wiki nyingi za muda. Ukikimbia kwa nguvu kila siku kama nilivyofanya mimi unachoka kabla hujaukusanya muda huo, na siku ya kukimbia kweli kwa kasi unakuta miguu haina kitu. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliwachunguza wanariadha wakubwa wa michezo ya pumzi akakuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya taratibu. Na ukipanda Iten, mji wa wakimbiaji kule milimani, utawaona mabingwa wa dunia wakianza asubuhi kwa mwendo ambao ungeweza kuwafuata ukiwa na kikapu.

Ratiba yangu ikawa siku nne: tatu za zoni, moja ya nguvu ambapo kengele naizima. Mwezi wa kwanza sikuona mabadiliko yoyote. Mwezi wa pili nikataka kuacha. Katikati ya Agosti, katika mzunguko uleule, mapigo yaleyale, nikakuta kilomita inaisha kwa dakika 8 na sekunde 20. Mwisho wa Septemba, 7 na 35. Mapigo ya kitandani yalishuka hadi 59, na zoni ikabidi ihesabiwe upya: 137 hadi 150. Watu husahau hilo.

Rafiki yangu mmoja akanakili namba zangu zote kama zilivyo. Kumbe anatumia atenolol ya presha, dawa inayouzuia moyo kupanda. Alikuwa anajisukuma kwa jino na ukucha afike 141, na hafiki, mpaka akazimia siku moja ngazini. Dawa za aina hiyo zikiwemo, namba za mkanda si za kufuata. Kaa na daktari wako, na utumie kipimo cha maneno.

Oktoba nikajiandikisha mbio za kilomita 21 hapa mjini. Ningependa kusema nilizikimbia kwa akili. Tulipangiwa kuanza saa kumi na mbili na nusu. Hotuba zikatuweka hadi saa moja na robo, jua limeshapanda. Nilipofika kilomita ya pili saa ilisoma 175. Nikajisemea ni msisimko tu, utashuka. Haukushuka. Kilomita ya 14 nilikuwa natembea nikiuma barafu niliyopewa na mama mmoja muuza maji wa kandoni, Mungu ampe kheri. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 51, nikiwa na miezi minne ya kujua kila kitu nilichotakiwa kufanya.

Kisha Desemba kaskazi ikarudi, na nikadhani nimepoteza kila kitu. Mzunguko uleule uliokuwa 145 sasa ulianza 148, na baada ya dakika 40 kwa mwendo uleule ulikuwa 163. Nilimpigia Kocha simu nusura nilie. Akaniuliza, "Umelowa?" Nilikuwa nimelowa kama niliyetoka baharini. "Basi moyo wako wafanya kazi mbili."

Asubuhi zetu za kaskazi unyevu hewani hupita asilimia 80, na jasho halikauki, linatiririka tu. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kutafuta upepo, maji ya damu yanapungua kwa jasho, kila pigo linabeba kidogo, na moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Mwendo ni uleule, gharama imepanda. Wakimbiaji wa bara hupanga mazoezi kwa dakika za kila kilomita. Huku kwetu kati ya Desemba na Machi kufanya hivyo ni kujitafutia ugonjwa. Mimi hushika namba ya moyo na kuachilia mwendo uanguke utakapoanguka. Natembea bila kuona haya. Nakunywa maji nusu saa kabla, na nikimaliza nanunua dafu. Wiki mbili hivi za uvumilivu mwili huzoea kidogo, maji ya damu huongezeka, na mapigo hurudi chini, ingawa kamwe si kama ya kusi. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia joto hilohilo, nakimbia nusu saa tu kabla ya futari, na namba za siku hizo siziandiki kabisa kwenye daftari. Mtu mwenye kiu halinganishwi na aliyekunywa.

Jambo moja zaidi, kuhusu yale mapigo ya kitandani. Nilikuwa nayapima kama mazoea tu, 59, 60, 59. Mei asubuhi moja nikapata 73. Nikalaumu kahawa tungu ya jana usiku, nikavaa raba nikaenda. Kilomita ya pili 165 kwa mwendo wa kutembea, mgongo unauma, macho yanauma nikiyazungusha. Jioni nilikuwa na homa ya kutetemeka, na kipimo kikasema kidingapopo, homa ya dengi. Wiki tatu sikukimbia, na mapigo yalichukua karibu mwezi kurudi 60. Siku hizi yakipanda kumi bila sababu ninayoijua, raba zinabaki mlangoni.

Wiki iliyopita dada yangu, ambaye nilimwambia mara tatu asinunue saa ya mkononi kabla ya kuzungumza nami, amenunua. Jana akanitumia picha ya mbio yake ya kwanza na sauti ya kulia: 171, 170, 171, mstari umenyooka kama rula, na anauliza kama aende hospitali. Nikamwandikia ahesabu hatua zake kwanza. Tiki za buluu zimetokea, jibu bado.